Modemu Inapokataa Kupiga Simu

Kompyuta nyingi tulizo nazo katika shule za Bujumbura si mpya. Zimekwisha kutumika miaka mingi maofisini au ng'ambo kabla ya kutufikia, na kwa kuwa ni wazee hazina nguvu ya kubeba Windows ya siku hizi. Kwa hiyo hutiwa Linux, ambayo haiombi ada na huridhika na mashine dhaifu. Intaneti nayo huzifikia kwa modemu ya USB, kile kidude cha ukubwa wa kidole gumba chenye laini ya simu ndani yake. Wenye kuvutiwa waya majumbani hukicheka, lakini kina fadhila moja kubwa. Umeme ukikatika, kompyuta ya kupakata huendelea kwa betri yake, modemu hula nguvu ya kompyuta, na mnara wa simu ulio kilimani una betri au jenereta yake. Mtaa mzima waweza kuwa gizani, nawe ukaendelea kusoma.

Ubaya wake ni kwamba kinapokataa, hukataa bila kueleza, na huku saa za kifurushi zaendelea kwenda. Anunuaye kifurushi cha siku moja amenunua saa 24, si mega peke yake; akihangaika tangu asubuhi hata jioni, saa zimekwisha na mega zake zimekufa pamoja nazo. Tena iko hasara kubwa zaidi. Asiyejua kasoro iko wapi huipeleka modemu kwa fundi, na fundi asiyeijua Linux atasema, "Hii imekufa, nunua nyingine." Nimekwisha kuona modemu nzima kabisa zikitupwa hivyo, na fedha ya karo ikipunguzwa ili kununua za badala. Kwa sababu hiyo nataka kueleza hapa jinsi ya kuitafuta kasoro, hatua kwa hatua, kwa mtu mwenye Linux na subira kidogo.

Kwanza yafaa tujue neno "kupiga simu" lina maana gani. Zamani modemu ilichomekwa katika waya wa simu, ikapiga namba ya kampuni ya intaneti kama mtu apigavyo, na milio yake ikasikika chumba kizima. Mwaka 1981 kampuni ya Dennis Hayes wa Marekani ilitoa modemu iliyoweza kupokea amri za maandishi kutoka kwa kompyuta, kila amri ikianza na herufi AT, kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya "angalia" au "sikiliza". Modemu zetu za leo hazina waya wala milio, lakini bado zasema lugha ile ile. Ukiiambia ATD*99# inapiga. Namba hiyo *99# si ya mtu wala ya ofisi, wala hakuna simu iliayo mahali popote; ni ishara tu ya kuiambia modemu, "Nifungulie njia ya data."

Upande wa kompyuta iko programu iitwayo pppd. Kazi yake ni kufanya mapatano: husalimiana na upande wa pili, hutoa jina na neno la siri vikiulizwa, hupokea anwani, kisha hufungua njia ambayo Linux huiita ppp0. Kanuni za mapatano hayo ziliandikwa katika hati RFC 1661 ya mwaka 1994, nazo zatumika hata sasa. Linux yenyewe ilianzwa na Linus Torvalds kule Helsinki mwaka 1991 kwa kufuata mtindo wa Unix, mfumo uliozaliwa Marekani mwaka 1969; na katika mtindo huo karibu kila chombo huonekana kama faili. Modemu yetu, kwa mfano, ni faili /dev/ttyUSB0. Hili ni jambo jema kwa mtafuta kasoro. Mfumo huu hausemi "Kosa limetokea" kisha ukanyamaza. Huandika kila hatua katika daftari lake, nasi twaweza kulisoma.

Basi kanuni kubwa ni hii: ifuate safari ya data kutoka tundu la USB kwenda nje, wala usiruke hatua. Fundi wa gereji kule Buyenzi, gari lisipowaka, haanzi kwa kufungua injini. Hutazama kwanza kama mna mafuta, halafu kama betri ina moto. Wengi wetu tunafanya kinyume. Ukurasa usipofunguka twabadilisha neno la siri, twafuta programu na kuziweka tena, kumbe modemu haijaonekana hata na kompyuta yenyewe.

Chomeka modemu, ngoja nukta ishirini, kisha andika amri hizi mbili:

sudo dmesg | tail -n 20
lsusb

Ya kwanza huonyesha mistari ya mwisho ya daftari la mfumo. Ya pili hutaja vyombo vyote vilivyochomekwa. Ikiwa hakuna hata mstari mmoja uliotaja chombo kipya, jaribu tundu jingine. Kama ni kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma, kwa maana ya mbele mara nyingi waya wake umelegea. Ukiona maneno "USB disconnect" yakirudi tena na tena, tuhumu nguvu ya umeme. Tundu la USB la namna ya pili hutoa miliampea 500 tu, na modemu iliyo mbali na mnara hulazimika kupaza sauti yake ya redio, nayo hula karibu zote. Ukiipitisha katika waya mrefu wa bei rahisi, au katika kile kigawanyio cha matundu manne kisicho na umeme wake mwenyewe, itaanguka kila inapoanza kufanya kazi. Mtu atadhani mtandao ndio mbaya, kumbe ni njaa.

Sasa tufike kwenye ujanja ambao umewapoteza wengi. Modemu nyingi za USB zina sura mbili. Zikichomekwa hujifanya kwanza diski ya CD, kwa sababu ndani yake mna programu ya Windows ambayo mtengenezaji alitaka ijiweke yenyewe. Windows ikiisha kuiweka, huiamuru modemu igeuke kuwa modemu. Linux haina haja na programu ile, basi chombo hubaki diski siku nzima. Itazame namba katika lsusb: 12d1 ni namba ya kampuni ya Huawei, na baada ya nukta mbili hufuata namba ya sura yenyewe. Katika modemu nyingi za zamani za Huawei 1446 ni sura ya diski. Ikigeuka, namba hiyo hubadilika, mathalan ikawa 1001 au 1436. Kazi ya kuigeuza hufanywa na programu usb_modeswitch, iliyotungwa na Josua Dietze. Ikiwa imo katika kompyuta, hugeuza yenyewe bila kuulizwa. Ikiwa haimo, iweke, uchomoe modemu na kuichomeka upya. Mambo yakienda sawa daftari litaandika kwamba kigeuzi cha modemu ya GSM kimeungwa na ttyUSB0, na pengine ttyUSB1 na ttyUSB2 pia, maana modemu moja huwa na milango kadha. Wa kupigia mara nyingi ni wa kwanza, lakini si lazima.

(Ziko modemu mpya zaidi ambazo hazipigi simu kabisa: hujionyesha kwa kompyuta kama kadi ya mtandao, nazo hufanya mapatano yote ndani yao. Ukichomeka yako ukaona anwani ya 192.168 imekuja bila ttyUSB yoyote, hiyo ni ya namna hiyo, na sehemu kubwa ya mafundisho haya haikuhusu.)

Mlango ukiwapo, huenda ukafungwa usoni pako. Maneno "Permission denied" yana maana kwamba jina lako halimo katika kundi la wanaoruhusiwa kupiga. Katika Debian na Ubuntu kundi hilo huitwa dialout, na mwenye madaraka ya kompyuta hukuingiza kwa amri hii:

sudo usermod -aG dialout jinalako

Kisha toka katika mfumo na uingie tena, la sivyo hutaona mabadiliko. Maneno "Device or resource busy" ni jambo lingine: programu nyingine imekwisha kuushika mlango. Mara nyingi ni ModemManager, mtumishi wa mfumo aliye tayari kuhudumia kila modemu aionayo. Watumishi wawili hawafai mlango mmoja. Chagua: ama umwachie yeye kazi yote, upige kwa kubofya alama ya mtandao kwenye kioo, ama umsimamishe kwa "sudo systemctl stop ModemManager" na upige mwenyewe. Kwa kazi ya siku zote, mwachie yeye. Kwa kutafuta kasoro, msimamishe, kwa maana yeye huficha mengi.

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii, yaani kuzungumza na modemu ana kwa ana. Andika "screen /dev/ttyUSB0 115200", ubonyeze Enter, kisha andika AT. Ikijibu OK, iko hai. Isipojibu, jaribu ttyUSB1 au ttyUSB2. Ikijibu, iulize mambo manne kwa taratibu.

AT+CPIN? yauliza habari za laini. Jibu READY ni jema. Jibu SIM PIN lamaanisha laini yadai namba yake ya siri. Ukikosea mara tatu itajifunga, basi usibahatishe. Jibu ERROR mara nyingi ni laini iliyokaa vibaya au yenye vumbi.

AT+CSQ yauliza nguvu ya mawimbi. Jibu litakuwa kama 17,99, na namba ya kwanza ndiyo tuitakayo. Huhesabiwa kutoka 0 hata 31; chini ya 10 ni dhaifu, na 99 ni "sijui", yaani haisikii kitu. Mji wetu umelala chini ya vilima, na nyumba iliyojificha katika bonde au yenye paa la bati na kuta nene huweza kuwa na 5 chumbani na 20 dirishani. Kabla ya kumlaumu yeyote, sogea dirishani uulize tena. Hesabu hii haina gharama, wala haili mega hata moja.

AT+CREG? yauliza kama mnara umeipokea laini yako. Namba ya pili katika jibu ndiyo yenye habari: 1 ni kupokewa nyumbani, 2 ni bado yatafuta, 3 ni kukataliwa, na 5 ni kupokewa ugenini. Hiyo 5 yafaa tuikalie kitako, maana kwetu Bujumbura ni jambo la kweli, si la vitabuni. Mpaka wa Kongo uko pale nyuma ya Gatumba, na Uvira yatazamana nasi katika kichwa cha Ziwa Tanganyika. Mawimbi ya redio hayaombi pasi mpakani, na juu ya maji hayana kilima cha kuyazuia. Mnara wa upande wa pili waweza kusikika ufukoni pengine vizuri kuliko wa kwetu uliofichwa na majengo. Modemu, ikiwa imeachiwa kuchagua yenyewe, huweza kushika mtandao wa ng'ambo. Hapo pengine data hukataliwa, pengine hukubaliwa kwa bei ya mgeni, na kifurushi ulichonunua hapa hakikusaidii kitu.

Kuhakikisha, andika AT+COPS=3,2 halafu AT+COPS? Modemu itajibu kwa namba ya mtandao iliyoushika. Tarakimu tatu za mwanzo ni za nchi: 642 ni Burundi, 630 ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, 635 ni Rwanda, 640 ni Tanzania. Ukikuta 630 na wewe umeketi mjini Bujumbura, umeipata kasoro, nayo si modemu wala Linux. Andika AT+COPS=? ungoje hata dakika moja au mbili. Itaorodhesha mitandao yote inayoisikia. Kisha uiamuru ishike wa kampuni yako: AT+COPS=1,2,"namba", ukiiweka ile namba ya 642 uliyoiona katika orodha. Siku utakayosafiri, irudishe kwa AT+COPS=0 ijichagulie, la sivyo ukifika Uvira au Kigoma itakaa bubu nawe utasema imeharibika.

Ukimaliza mazungumzo toka katika screen kwa Ctrl-A kisha k, ukubali. Usiiache wazi nyuma, maana itaushika mlango, na utakapopiga utaambiwa tena "busy".

Sasa twaweza kupiga. Programu rahisi ya kupigia kwa mkono ni wvdial, iliyotungwa na Avery Pennarun na Dave Coombs wa Kanada. Faili lake ni /etc/wvdial.conf, na kwa modemu zetu maneno haya yatosha:

[Dialer Defaults]
Modem = /dev/ttyUSB0
Baud = 460800
Init1 = ATZ
Init2 = AT+CGDCONT=1,"IP","jina-la-lango"
Phone = *99#
Username = a
Password = a
Stupid Mode = 1

Jina la lango ni lile linaloitwa APN, nalo kila kampuni ina lake. Muulize muuza laini, au litazame katika simu iliyo na laini ya kampuni hiyo hiyo, mahali pa mipangilio ya data. Liandike herufi kwa herufi, pasipo nafasi. Jina na neno la siri mara nyingi havitazamwi na mtu, lakini wvdial haikubali kuviona vitupu, ndiyo maana nimeandika a na a. Ule mstari wa mwisho wachekesha, maana watunzi wenyewe waliuita "hali ya upumbavu": waiambia programu isijaribu kuwa na akili nyingi, ikisikia CONNECT iite pppd mara moja bila kungoja kuulizwa jina. Katika modemu za simu upumbavu huo ndio wenye manufaa.

Andika "sudo wvdial" utazame. Jibu NO CARRIER baada ya ATD*99# halimaanishi kwamba hakuna mawimbi, maana mawimbi umekwisha kuyapima. Kwa kawaida ni mtandao uliokataa kufungua njia: jina la lango limekosewa, au laini haina huduma ya data, au laini haijaandikishwa kwa jina la mwenyewe ikafungwa. Hapa ndipo penye haki ya kwenda dukani kwa kampuni. Nawe utakwenda ukiwa na neno la kusema, "Laini imepokewa, mawimbi ni 17, lango nimeliandika hivi, nami nakataliwa," na mtu wa dukani atakusikiliza kwa namna nyingine kabisa kuliko angemsikiliza anayesema "intaneti haifanyi kazi".

Ikija CONNECT, pppd huanza mapatano yake. "LCP: timeout sending Config-Requests" maana yake imesalimu haikujibiwa; huenda umepiga katika mlango usio wake, basi jaribu ttyUSB nyingine. Ukiona onyo kwamba anwani ya upande wa pili haikujulikana, na kwa hiyo imewekwa 10.64.64.64, usiogope, ni anwani ya kujaza nafasi tu, wala haizuii kitu. Lakini ukiona anwani za seva za majina zimekuja 10.11.12.13 na 10.11.12.14, hizo ni za uongo. Ni za kushikilia nafasi wakati za kweli hazijafika kutoka mtandaoni. Na ukiendelea nazo utakuwa umeunganishwa, lakini hakuna jina la tovuti litakalojulikana. Kata, ngoja kidogo, upige tena. Mara ya pili au ya tatu huja za kweli.

Basi umeunganishwa, ppp0 ipo, na bado ukurasa haufunguki. Uliza mambo matatu. Kwanza, je, njia yapita wapi? Andika "ip route". Mstari wa default uwe na ppp0. Ikiwa kuna waya wa mtandao wa darasani uliochomekwa, huenda default imebaki kwenye waya ule, na pppd huandika kwamba haikubadilisha njia iliyokuwapo. Chomoa waya upige tena, au ongeza neno replacedefaultroute katika faili /etc/ppp/peers/wvdial. Pili, je, namba zafika na majina hayafiki? Andika "ping -c 3 8.8.8.8", kisha ping kwa jina la tovuti yoyote. Namba ikijibu na jina lisijulikane, kasoro ni seva ya majina: tazama /etc/resolv.conf, na uone kama neno usepeerdns limo katika faili lile lile la peers.

La tatu halimo katika vitabu vingi, nalo ndilo linalosumbua kompyuta kuukuu kuliko yote. Tazama tarehe. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo mfano wa kifungo, CR2032, itunzayo saa wakati mashine imezimwa. Ikifa, kila ukiwasha kompyuta hurudi nyuma miaka mingi. Tovuti za leo hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta idhaniyo kwamba tuko zamani huona cheti hakijaanza kutumika, hukataa kufungua. Katika shule moja ya hapa mjini wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa na siku mbili tu za kupeleka maombi yao ya nafasi ya masomo. Ping ilijibu, majina yalijulikana, lakini kila ukurasa ulikataa. Walibadilisha laini, wakaazima modemu nyingine, wakanunua kifurushi cha pili. Siku moja nzima ikaenda. Jioni msichana mmoja alitupa jicho kwenye pembe ya kioo akaona mwaka. Waliandika "sudo date -s" na tarehe ya kweli, na maombi yakaenda usiku ule ule. Betri ile huuzwa hata kwa mafundi wa saa.

Ziko pia siku ambazo kila kitu chako ni kizuri, na bado mambo hayaendi. Burundi haina bahari. Data zetu nyingi hushuka kwa nyaya za nchi kavu, kupitia kwa majirani, hata pwani ya Tanzania na Kenya, na huko huingia katika nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi: SEACOM iliyofunguliwa mwaka 2009, na EASSy iliyoanza mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika kwa pamoja upande wa kusini, na Afrika ya Mashariki ikapata shida kwa siku kadha. Dalili yake katika kompyuta yako ni hii: ppp0 ipo, anwani umepewa, seva ya majina yajibu, lakini ping ya mbali yapotea njiani au yarudi kwa taabu. Andika "traceroute 8.8.8.8" uone yafika hatua ya ngapi. Ikiwa yavuka hatua mbili tatu za kwanza ndipo ikafa, usiguse kitu katika kompyuta. Hifadhi mega zako ungoje.

Neno moja kwa wale wanaopokea intaneti kwa waya, na kampuni yao ikawapa jina na neno la siri la kupigia. Nao hupiga simu kwa pppd ile ile, ila hapana *99#. Mapatano hupita katika waya wa mtandao kwa njia iitwayo PPPoE, iliyoandikwa katika RFC 2516 ya mwaka 1999. Kompyuta hupaza sauti katika waya, "Nani awezaye kunihudumia?" na mashine ya kampuni hujibu, "Mimi." Ukisoma "Timeout waiting for PADO packets", maana yake umeita hakuna aliyeitika: waya umechomoka, au umetaja kadi ya mtandao isiyo yake, au kile kisanduku cha ukutani kimekwisha kupiga chenyewe na hakikuachii nafasi. Amri "sudo pppoe-discovery -I eth0" huita bila kupiga, nayo ni kipimo kizuri. Badala ya eth0 weka jina la kadi yako. Ukipata "authentication failed", hapo ndipo pa kutazama neno la siri, wala si kabla.

Ugonjwa wa pekee wa njia hii ni ukubwa wa mzigo. Waya wa kawaida huchukua baiti 1500 kwa safari moja, na PPPoE hutaka 8 kwa bahasha yake; hubaki 1492. Kompyuta isiyojua hilo hutuma mizigo mikubwa mno, na dalili zake ni za ajabu: kurasa ndogo zafunguka, kubwa zakwama nusu, barua yaenda, picha iliyoambatishwa haiendi. Jaribu "ping -M do -s 1464 8.8.8.8". Hiyo 1464 pamoja na 28 za vichwa ni 1492 kamili, nayo yapaswa kupita. Ukiweka 1472 ikakataa, ni sawa. Ikiwa hata 1464 yakataa, punguza kidogo kidogo hata upate inayopita, ongeza 28, uiandike hesabu hiyo baada ya neno mtu katika faili la peers.

Kwa wenye modemu, kabla ya kupiga kwa kazi ya kweli, zima masasisho ya kujiendea: katika Ubuntu na Debian ni "sudo systemctl stop apt-daily.timer apt-daily-upgrade.timer". La sivyo njia ikifunguka tu, mfumo utaanza kujiletea programu mpya, na kifurushi cha shule kitaliwa kabla mwanafunzi wa kwanza hajakaa kitini. Na mkimaliza, bonyezeni Ctrl-C katika dirisha la wvdial, mwandike "ip addr", mwone kwamba ppp0 imeondoka, ndipo mchomoe modemu.